Gofu na Hame: Siku Tano za Yuanmingyuan

Siku ya kwanza, Jumatano

Nimeondoka Wuhan saa tatu asubuhi kwa treni ya mwendokasi. Njia ya kwenda Beijing ni zaidi ya kilomita 1,200 na sina mengi ya kusema juu yake: mahindi, viwanda, mahindi tena, kisha Mto Huang He unapita dirishani upesi hata kamera hujaifungua.

Kilichonitoa chumbani ni picha moja. Kwenye ukuta wa darasa letu la Kichina imebandikwa picha ya nguzo za marumaru zilizovunjika za Yuanmingyuan, bustani ya wafalme wa zamani iliyoko Beijing, na mwalimu akifika kwenye habari zake hushusha sauti kama mtu aliye msibani. Picha ile nimeikodolea macho miaka miwili. Mimi ni mtu wa Lindi, Kilwa kwetu si mbali, magofu nimekua nayo. Nikasema likizo hii lazima nikalione la wenzetu.

Beijing imenipokea kwa mkosi mdogo. Chumba nilichokilipia kwa simu, nilipofika mapokezi nikaambiwa hapo hawalazi wageni wa kutoka nje. Pesa watarudisha "baadaye". Jina la nyumba yenyewe silitaji. Mwenyeji wangu, kaka mmoja wa Tanga anayesoma uzamivu huku (tunamwita Daktari ingawa tasnifu bado inamtoa jasho), akapiga simu mbili tatu, nikapata kitanda kwa dada wawili Wakenya. Wamenipikia ugali. Kwa leo yatosha.

Siku ya pili, Alhamisi

Treni ya chini ya ardhi, laini namba 4, ina kituo chenye jina la bustani yenyewe, hivyo hata mgeni hapotei. Langoni kuna tiketi ya yuan 10 na ya yuan 25. Daktari akanionya: "Mdogo wangu, ya kumi haikufikishi kwenye nguzo zako." Tukalipa 25 kila mmoja.

Agosti ya Beijing ni joto la kunata. Nyenje wanapiga kelele mitini utadhani kuna mashine ya kusaga. Ukishaingia, kitu cha kwanza ni maji: vidimbwi na mabwawa yaliyojaa yungiyungi za waridi, majani yake mapana kama sinia za pilau, na watu wazima wamepanga foleni ili wapigwe picha karibu na ua moja. Niliona na bata maji weusi wakipita kwa maringo. Hao ni maarufu kuliko sisi watalii wote.

Tunatembea, Daktari anasimulia. Yuanmingyuan, maana yake Bustani ya Mwangaza Kamili, ilianza mwaka 1707 mfalme Kangxi alipompa mwanawe wa nne eneo hili. Mwana akaja kuwa mfalme Yongzheng, akalipanua. Mjukuu, Qianlong, ndiye aliyekosa breki: akaongeza bustani ya pili, kisha ya tatu, mpaka zote pamoja zikafika kama hekta 350, karibu mara 5 ya ule Mji Uliokatazwa, ikulu ya katikati ya Beijing. Wafalme watano waliofuatana waliishi hapa sehemu kubwa ya mwaka. Kule mjini walikwenda kwa ibada na sherehe za dola, kama mtu aendaye ofisini. Yongzheng alifia humu mwaka 1735. Xianfeng, aliyekuja kuipoteza, alizaliwa humu mwaka 1831.

Nguzo zangu ziko mbali, kaskazini kabisa, mwendo wa nusu saa na zaidi kwa miguu. Kuna vigari vya umeme vya kubeba wavivu. Tulijikaza, na njiani nikajuta.

Kisha ukingo wa miti ukafunguka, na ile picha ya darasani ikasimama mbele yangu, kubwa kuliko nilivyoifikiria. Mawe meupe yamelala moja juu ya lingine kama ng'ombe waliojilaza baada ya malisho. Baadhi yana michongo ya makombe, maua na majani yaliyojikunja. Katikati zimebaki nguzo chache za jumba la Yuanyingguan, na chini yake upinde wa Dashuifa, yaani chemchemi kuu. Zamani hapo kwenye beseni palikuwa na paa wa shaba aliyezungukwa na mbwa kumi wanaomtemea maji, mawindo yasiyokwisha. Ng'ambo yake ni jukwaa la kiti cha mfalme, na nyuma ya kiti vibao vitano vya mawe vilivyochongwa silaha na ngao za Kizungu. Mfalme alikaa hapo akitazama maji yakirushwa juu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mahali hapa pote: kutazama maji yakifanya kinyume cha desturi yake.

Waliombunia Qianlong haya yote ni mapadri Wajesuti. Giuseppe Castiglione, Mwitaliano, mchoraji wa ikulu, alichora majumba kuanzia mwaka 1747, na Michel Benoist, Mfaransa, akapewa kazi ya mitambo ya maji. Benoist hakuwa fundi wa chemchemi. Alijifunza hapohapo, kwa amri. Inasimuliwa kwamba alipokufa, mitambo ikakosa mwenyewe, ikawa mfalme akikaribia kuja, matowashi wanapandisha maji kwa ndoo ili mbwa wa shaba waendelee kutema. Nimeipenda habari hii kuliko zote za leo. Mtu yeyote aliyewahi kuandaa shule kwa ziara ya kiongozi anaielewa.

Jirani ni jumba la Haiyantang, palipokuwa na saa ya maji. Wanyama 12 wa kalenda ya Kichina walikaa pande mbili za bwawa, miili ya binadamu, vichwa vya shaba. Kila mnyama alishika zamu ya saa mbili akitema maji, na adhuhuri wote 12 wakatema kwa pamoja. Mswahili haoni shida kuihesabu saa hii: panya zamu yake saa tano usiku hadi saa saba, farasi saa tano mchana hadi saa saba, na katikati ya zamu ya farasi ndipo saa sita inapogonga. Leo pamebaki bwawa, hata mguu wa mnyama haupo.

Tumemaliza kwenye mzingile wa Huanghuazhen, uliojengwa upya. Kuta zake fupi, zinanifika kifuani. Usiku wa sikukuu ya mbalamwezi mfalme aliketi kwenye kibanda cha katikati, wanawake wa ikulu wakiwa na taa za manjano wakishindana kumfikia, na wa kwanza anatuzwa. Mimi nilikipata kile kibanda baada ya dakika 20, na hakuna aliyenitunza kitu. Daktari alikuwa ameshafika anakula aiskrimu.

Jioni nikamtumia mama picha kumi za nguzo kwa WeChat, ambayo mdogo wangu alimwekea kwenye simu. Akajibu kwa ujumbe wa sauti, kuku wanasikika nyuma: "Marahaba mwanangu. Nimeziona. Lakini hili si jumba la Kizungu? La Wachina wenyewe liko wapi?"

Nimelala nikiwaza jibu.

Siku ya tatu, Ijumaa

Mvua tangu alfajiri. Nimeshinda ndani na habari za mwaka 1860, Daktari akipita na kuongeza neno.

Vilikuwa Vita vya Pili vya Afyuni. Waingereza na Wafaransa walisonga hadi Beijing kulazimisha mkataba wao. Tarehe 18 Septemba wajumbe na walinzi wao wakakamatwa na upande wa Wachina, karibu nusu yao wakafa kwa mateso kifungoni. Hili lisemwe, maana wengine hulificha. Xianfeng alikuwa ameshakimbilia Rehe, kaskazini, na hakurudi tena akiwa hai. Oktoba 6 na 7 majeshi yakaingia bustanini. Wafaransa walitangulia, Waingereza wakafuata, na uporaji ukaanza: hariri, saa, vyombo, dhahabu. Humohumo wakakuta zawadi ambazo mjumbe wa Uingereza, Macartney, aliwaletea Wachina mwaka 1793, mizinga ikiwamo. Msimamizi wa bustani, Wenfeng, alijitosa ziwani akafa. Hata kijimbwa kimoja kilibebwa hadi kwa Malkia Victoria, kikaitwa jina la Looty, maana yake kitu cha kuporwa. Hawakuona haya hata kidogo.

Baada ya hapo ndipo Lord Elgin, mjumbe mkuu wa Uingereza, mwana wa yule Elgin aliyeng'oa michongo ya hekalu la Parthenon kule Athens, akaamuru bustani ichomwe iwe adhabu kwa mfalme. Wafaransa walikataa kushiriki katika kuchoma. Oktoba 18 askari wa Kiingereza wapatao 3,500 wakaanza kutia moto, na moto ukala kwa siku kadhaa, moshi ukiufunika mji. Miongoni mwao alikuwapo kapteni kijana Charles Gordon, yule aliyekuja kuuawa Khartoum mwaka 1885. Na jenerali mmojawapo, Robert Napier, miaka 8 baadaye aliongoza jeshi hadi Magdala, Ethiopia, ambako nako hazina ilisombwa. Watu walewale, kazi ileile.

Wachina huwa wanalitaja tukio hili kama aibu ya taifa. Nilikuwa nikidhani ni maneno ya vitabuni.

Alasiri mvua ilipungua tukaenda Yiheyuan, kasri la jirani. Nalo lilichomwa 1860, ila bibi mfalme Cixi alilijenga upya. Ukumbi mrefu wa mita 728 uliochorwa dari nzima, boti ya marumaru, ziwa pana. Ni pazuri sana na palijaa watu mpaka nikakanyagwa mara nne. Nimeliona, nimeridhika, sitalirudia.

Kitu kimoja tu kilinikaa kichwani huko: nguzo za mbao. Kila jumba ni mbao, rangi nyekundu, vigae juu, jukwaa la mawe chini. Nikamgeukia Daktari: "Kaka, kumbe mama amesema kweli." Majumba ya Yuanmingyuan nayo yalikuwa hivi. Yale ya Castiglione yote pamoja yalichukua kama asilimia 2 ya eneo. Yalibaki kwa sababu moja tu, jiwe haliungui. Tunachokililia na kukipiga picha ni kile kipande kidogo mfalme alichojijengea kwa kuiga ng'ambo.

Siku ya nne, Jumamosi

Nimerudi Yuanmingyuan peke yangu asubuhi na mapema. Watu wote wakakata kulia kwenda kwenye nguzo, mimi nikakata kushoto.

Kiswahili kina neno gofu na kina neno hame. Gofu ni jengo lililobaki mifupa. Hame ni mahali palipohamwa, na mara nyingi hapana jengo hata moja. Kusini kwetu mahame ni mengi tangu watu walipohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, na mtoto wa kule hafundishwi kuyatambua: ardhi imeinuka kidogo palipokuwa na nyumba, kuna vigae vya vyungu, kuna mwembe mkubwa usio na mwenyewe, pengine na mafiga.

Upande wa magharibi wa Yuanmingyuan ni hame. Jiuzhou, mahali walipoishi mfalme na familia yake, ni visiwa tisa vimezunguka ziwa. Visiwa vipo, maji yapo, vilima vya udongo walivyovifinyanga kwa mikono vipo. Nyumba hakuna. Unakuta kibao chenye jina, nyasi zilizokatwa, mstari wa mawe ya msingi, na matundu ya mviringo yanayoonyesha nguzo ilipokaa. Nilisimama kwenye msingi mmoja nikahesabu matundu hayo mpaka nikapoteza hesabu, mara mbili. Kwingine kulikuwa na Wenyuange, maktaba iliyohifadhi nakala moja kati ya 7 za mkusanyiko mkuu wa vitabu wa Qianlong, juzuu zaidi ya 36,000. Karatasi ndani ya mbao. Unaweza kufikiria jinsi ilivyowaka.

Sura ya nyumba hizo tunaijua kwa michoro ya mandhari 40 iliyokamilishwa mwaka 1744, iliyochorwa kwa amri ya Qianlong. Michoro yenyewe iko Paris, Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Kwa hiyo mahali pako Beijing na sura yake iko Paris. Sikujua nicheke au ninune.

Kwenye njia ya changarawe, mvua ya jana imefukua kipande cha kigae, kidogo kama ukucha wa dole gumba, buluu iliyokolea. Nimekiokota. Nimekitia mfukoni. Nimetembea hatua kama kumi, nikamkumbuka kijimbwa Looty, nikarudi kukiweka palepale. Hatua kumi nilizipiga nacho lakini, sitaki kujisafisha.

Karibu na ziwa Fuhai kulikuwa na babu anaandika herufi kubwa barabarani kwa brashi ndefu ya maji, zile ambazo ukimaliza mstari wa tatu, ule wa kwanza umeshakauka. Nilisimama kumtazama. Akauliza kama natoka Afrika. Nikamwambia, Tanzania. Uso ukafunguka: "Tansangniya! Reli!" Wazee wa huku ukitaja nchi yetu wanakujibu TAZARA, reli waliyotujengea, kilomita 1,860, kama vile iliisha kujengwa jana na si mwaka 1975. Nikamuuliza kwa Kichina changu cha kuchechemea kwa nini hawaijengi bustani upya kama Yiheyuan. Akafikiri, akasema wapo wanaotaka na wapo wasiotaka. Na yeye? Akachovya brashi kwenye ndoo, akasema bora nyasi, kwenye nyasi anapata nafasi ya kutembea. Sijui kama alikuwa anatania.

Baadaye nikasoma kwamba moto wa 1860 haukumaliza kila kitu. Mfalme Tongzhi alianza ukarabati mwaka 1873, mwaka uliofuata pesa zikakata. Mwaka 1900, katika vurugu za uvamizi mwingine wa majeshi ya kigeni, majengo yaliyosalia yakabomolewa na miti ikakatwa kuwa mbao na mkaa. Kisha wababe wa kivita wakasomba mawe kwa mikokoteni, wakulima wakapanda mpunga ndani. Bustani ya umma imekuwa mwaka 1988. Yaani gofu likageuka machimbo, machimbo yakageuka shamba. Wengi wa waliomalizia kazi walikuwa wenyeji.

Nimemtumia mama picha ya nyasi na matundu ya nguzo. Nilitegemea aulize mbona tupu. Akasema: "Eee, hapo sasa. Hapo ndipo nyumba ilipokuwa. Hata kwa bibi yako Rutamba pako hivyo hivyo." Kimya kidogo, kuku, halafu: "Na mti wa uani upo?"

Nikatazama picha zangu upya. Miti yote ni myembamba.

Siku ya tano, Jumapili

Treni yangu ni saa tisa alasiri. Asubuhi tumekwenda Zhengjuesi, hekalu lililo ndani ya eneo la bustani karibu na lango la kusini, moja ya majengo machache mno yaliyosalimika. Nilitaka kumwona farasi.

Kati ya vichwa vile 12 vya shaba, 7 vimerudi Uchina. Ng'ombe, chui milia na nyani vilinunuliwa kwenye minada ya Hong Kong mwaka 2000 na kampuni ya serikali. Nguruwe na farasi alivinunua tajiri wa Macau, Stanley Ho. Panya na sungura vilipigwa mnada Paris mwaka 2009. Mchina mmoja aliyeshinda akatangaza kwamba halipi, mnada ukaharibika, na mwaka 2013 tajiri Mfaransa, François Pinault, akavirudisha bure. Joka, nyoka, kondoo, jogoo na mbwa havijulikani vilipo.

Farasi ndiye wa kwanza kurudi bustanini penyewe, Desemba 2020, baada ya miaka 160. Stanley Ho alimnunua mwaka 2007 kwa dola za Hong Kong milioni 69.1. Tumefika mbele yake ikikaribia saa sita mchana, zamu yake kabisa, bila kupanga. Ni mdogo kuliko nilivyodhani. Nywele za paji zimechongwa uzi kwa uzi, masikio yamesimama, mdomo umeachwa wazi kwa ajili ya maji. Ndani ya hekalu hilohilo zipo nguzo 7 za marumaru zilizorudi mwaka 2023 kutoka makumbusho ya Bergen, Norwei. Watu walimpita farasi, wakazipita na nguzo, mimi na Daktari tukakaa kwenye benchi.

"Unawaza nini?" akaniuliza.

Nilikuwa nawaza Tendaguru. Mtu wa Lindi akiona kitu cha watu kimerudi, akili lazima iende kwa yule mjusi mkubwa, dinosaria, mifupa iliyochimbwa kwetu na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, vibarua wakaibeba vichwani hadi bandarini. Sasa amesimama ukumbini Berlin. Shuleni tulifundishwa kumtaja, picha yake tuliipata kwenye kalenda.

Tumekula tambi za nyama kwa haraka, Daktari akanisindikiza stesheni akiwa bado analalamikia tasnifu. Nimemtumia mama picha ya farasi na bei yake. Tulipokuwa tumeshaipita Hebei jibu likaingia. Kwanza aliuliza hizo milioni 69 ni shilingi ngapi, na kabla sijamaliza kupiga hesabu akatuma la pili: "Na mjusi wetu je? Wakisema mje mumchukue, tutamweka wapi?"

Nimemwandikia kwamba ana zaidi ya mita 13 kwenda juu, sebuleni kwetu haingii.